Tathmini ya kiota cha plasta cha kufugia sisimizi

Kifaa ninachokitathmini hapa ni bamba la plasta lililochongwa vyumba na njia, likafunikwa kwa kioo, kisha likaunganishwa kwa mrija na kisanduku cha plastiki ambacho sisimizi hukitumia kama uwanja wa kutafutia chakula. Seti yake ina pia karatasi nyekundu ya kufunikia kioo, neli ya kioo, pamba, lenzi ndogo na kijitabu cha maelezo. Sisimizi wenyewe hawamo, na ni afadhali wasiwemo, kwa maana visanduku vinavyouzwa vikiwa tayari na vibarua, yaani sisimizi wa kike wanaofanya kazi za kiota, wasio na malkia havimwonyeshi mtu koloni. Humwonyesha kundi la wazee wasio na watoto wa kulea, ambao hufa mmoja baada ya mwingine hadi kisanduku kibaki kitupu. Visanduku vya jeli navyo sivipendekezi, kwa sababu jeli ile ni maji na sukari tu, na lava, yaani watoto wa sisimizi wanaofanana na funza, hawakui bila protini.

Mimi niliweka koloni changa la Lasius niger, yaani sisimizi weusi wa bustani, na kwa sifa moja kifaa hiki kimestahili fedha yake: kinaonyesha mgawanyo wa kazi waziwazi. Vibarua waliotoka karibuni kwenye pupa, yaani hatua kati ya lava na sisimizi kamili, ambao hutambulika kwa rangi yao iliyopauka, hukaa karibu na mayai na lava, ilhali wakubwa wao ndio wanaotoka nje kutafuta chakula, mahali ambapo hatari ni nyingi na maisha yaliyosalia ni machache. Kibarua aliyekunywa maji ya sukari uwanjani hurudi tumbo likiwa limevimba hata ngozi laini iliyo kati ya mabamba meusi inaonekana kama mistari myeupe. Mwenzake humpapasa kichwa kwa vipapasio, naye hufungua taya na kutoa tone ambalo hukaa kati ya vinywa vyao mpaka linywewe. Aliyelishwa huenda akamlisha mwingine, na kwa njia hiyo chakula cha wachache waliotoka hufika kwa malkia na lava ambao hawajawahi kuuona uwanja. Kwa lenzi iliyomo kwenye seti, tone lile linaonekana vizuri sana.

Plasta yenyewe imefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Maji yakitiwa upande mmoja husambaa polepole, kiasi kwamba vyumba vya upande huo hubaki na unyevu na vya upande wa pili hukauka, na vibarua hutumia tofauti hiyo kupanga watoto: mayai na lava wadogo penye unyevu, pupa penye ukavu. Karatasi nyekundu nayo inasaidia, kwa kuwa sisimizi wengi hawaoni vizuri mwanga mwekundu, hivyo mtu hutazama wao wakidhani wamo gizani. Ni maendeleo ya jambo alilolishughulikia mwanasayansi John Lubbock huko Uingereza katika karne ya 19, alipofuga sisimizi kati ya vioo na kuona wakihamisha pupa wao kutoka penye miali ya urujuanimno ambayo jicho la binadamu haliioni.

Kasoro ya kwanza ni ukubwa. Mtengenezaji anadai kwamba malkia mmoja anaweza kuwekwa humo tangu mwanzo, na dai hilo si la kufuatwa. Malkia wa aina hii akishapandwa hukata mabawa, hujifungia na kulea vibarua wa kwanza bila kula chochote, akitumia akiba ya mwili wake pamoja na misuli ya mabawa asiyoihitaji tena. Kwa kipindi hicho neli yenye maji nyuma ya pamba inamtosha kabisa. Hata baadaye, koloni dogo likipewa vyumba vingi hugeuza kimojawapo kuwa jalala, na kukisafisha bila kufungua kioo haiwezekani. Huko jalalani ndiko wafu hupelekwa. Mtaalamu wa sisimizi Edward Wilson alionyesha mwaka 1958 kwamba harufu ya asidi ya oleiki ndiyo inayowatambulisha, hata sisimizi aliye hai akipakwa asidi hiyo hubebwa na kutupwa pamoja na maiti.

Kasoro ya pili ni kingo za uwanja, ambazo hazikupakwa kitu cha kuwazuia kupanda. Nilipaka poda iliyochanganywa na spiriti, ikakauka na kufaa, lakini kazi hiyo ilipaswa kuwa ya kiwandani.

Kijitabu ndicho kilichonikera zaidi. Kinasema malkia huamuru na vibarua hutii, wakati mtu anayetazama kioo hicho hicho hataona amri yoyote, maana kila kibarua hufuata harufu na hali anayokutana nayo, na malkia hutaga. Kisha kinaeleza chimbuko la maisha ya koloni kwa hesabu moja tu: kwa kuwa madume hutokana na mayai yasiyorutubishwa, dada wa baba mmoja hushiriki wastani wa robo tatu ya jeni, kuliko nusu ambayo mama hushiriki na binti yake. Hesabu hiyo, iliyopewa uzito na mwanabiolojia William Hamilton mwaka 1964, ni sahihi, lakini haitoshi. Kibarua huyo huyo hushiriki robo tu na kaka zake. Malkia wa nyuki wa asali hupandwa na madume zaidi ya kumi, na robo tatu ile hupungua. Mchwa, ambao ni ukoo wa mende wala si wa nyigu kama walivyo sisimizi, hawana utaratibu huo wa madume, nao wana malkia, mfalme, vibarua na askari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mababu wa makundi ya nyuki, nyigu na sisimizi wanaoishi kikoloni walikuwa wa mume mmoja, hali ambayo humfanya ndugu awe na thamani sawa na mtoto katika kurithisha jeni. Basi faida ndogo tu ya kukaa nyumbani na kulea ilitosha kuelekeza mageuzi upande huo. Kurasa mbili zingetosha kueleza haya, badala ya picha za malkia aliyevishwa taji.

Anayenunua apime kwanza kipenyo cha mrija. Inajulikana kwamba malkia mmoja wa Lasius niger aliishi kifungoni karibu miaka 29, ilhali plasta inayoloweshwa kila mara huota kuvu na kumomonyoka mapema zaidi, na koloni huhamishwa kwa kuunganisha kiota kipya na kukausha cha zamani. Mrija wa seti hii unaingia kwenye viota vya watengenezaji wengine nilivyovijaribu, na kwa sababu hiyo naipendekeza kwa mwenye koloni lililokwisha kukua.