Bima ya afya ya familia nchini Kenya: anza na kitanda, kikohozi baadaye

Familia yenye mshahara tayari ina bima moja, ipende isipende: SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Inakata asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, bila kikomo cha juu. Anayelipwa 100,000 hutoa 2,750 kila mwezi. Kazi iliyobaki ni kuamua uongeze nini juu yake. Tumepanga kuanzia iliyo bora.

1. SHA na bima binafsi ya kulazwa pekee. Hapa ndipo pesa yako inakulinda zaidi. Kitanda cha wadi katika hospitali ya Level 4 (ngazi ya nne kati ya sita), SHA hulipa 3,360 kwa siku. Tuseme mtoto amelazwa siku tano kwa nimonia: SHA inatoa 16,800. Bili ya hospitali binafsi ikiwa 120,000, unabaki na deni la 103,200. Pengo hilo ndilo la kukatia bima. Kikomo cha pamoja cha familia, yaani kiasi kimoja cha juu mnachotumia wote, ni nafuu kuliko cha kila mtu kivyake, na kwa nyumba isiyo na ugonjwa sugu kinatosha. Penye mgonjwa wa figo au saratani, mmoja anaweza kukimaliza, basi lipia cha kila mtu.

Usiache kulipa SHA. Kampuni nyingi huondoa kwanza fungu la SHA kwenye bili. Ukiwa na malimbikizo, fungu hilo linakuangukia.

2. Bima ya kikundi, ya kazini, sacco au chama. Mara nyingi huwapokea wenye presha na kisukari bila kuwasubirisha. Ubaya wake: ukiacha kazi, ya kazini huisha.

3. Kulazwa pamoja na matibabu ya nje. Bei hupanda sana, kwa sababu kampuni inajua utaitumia. Toa risiti za kliniki na dawa za mwaka mzima, zijumlishe, kisha linganisha na nyongeza unayotozwa. Wenye watoto chini ya miaka mitano huenda wakafaidi. Wengine waweke akiba. Uliza pia unachangia kiasi gani kila ukimwona daktari.

4. Bima inayokupa pesa kwa kila usiku wa kulazwa. Inafidia siku za kazi ulizokosa. Kulipa bili yote ya hospitali haiwezi.

Kabla ya kusaini, achana na karatasi ya matangazo, uombe mkataba wenyewe. Tafuta vikomo vidogo vilivyofichwa ndani ya kile kikubwa: bima ya milioni moja inaweza kutoa laki moja tu kwa ugonjwa uliokuwa nao kabla. Uzazi mara nyingi husubiri miezi 10 hadi 12, kwa hiyo ingia kabla ya mimba. Jaza magonjwa yote kwenye fomu, hata presha iliyotulia; ukificha, dai linaweza kukataliwa ukiwa tayari wodini. Piga simu hospitali mnayoitumia, uulize kama wanapokea kadi hiyo leo, maana orodha hubadilika.

Mwisho, mpe mwajiri cheti cha malipo: bima binafsi ya afya hukupunguzia kodi kwa asilimia 15 ya ulicholipa, hadi 60,000 kwa mwaka. Ukilipa 80,000, unarudishiwa 12,000.