Tanga kwa mara ya nne na watoto watatu: safari hii bahari ndiyo iliyotupangia ratiba

Kila Juni shule zikifungwa, familia yetu safari ni moja tu: Tanga. Wifi yangu anaishi Ngamiani, ana vyumba viwili vya uani, na hataki kusikia mwaka umepita bila watoto wa kaka yake kukanyaga kwake. Mwaka huu ilikuwa mara ya nne. Nikiwa bado nafunga mabegi Dar, binti yangu wa miaka kumi akasimama mlangoni akaniuliza, "Mama, tunaenda kufanya yale yale?"

Nilikosa jibu. Safari tatu zilizotangulia zilifanana kama mapacha: siku moja mapango ya Amboni, siku moja bwawa lenye michezo ya maji, jioni Raskazone kutazama bahari, aiskrimu, halafu basi la kurudi. Kilomita 350 na ushee kwenda kurudia jambo ambalo mtoto ameshalikariri. Hela ya kuwapeleka Serengeti au Zanzibar sina, na hata ningekuwa nayo, shangazi yao yuko Tanga. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni kwa mzazi mwenzangu anayerudi mahali pale pale kila mwaka na kuona macho ya watoto yameanza kupoa.

Siku ya kwanza tukaanza na walichokizoea, sehemu moja ya michezo ya maji ambayo sitaitaja. Tulilipa kiingilio kamili watu watano, ndani tukakuta mteremko mkubwa umefungwa kamba, pampu imeharibika. Mlangoni hakuna aliyetuambia. Nilimfuata mhusika, akanijibu kwa adabu lakini hela haikurudi. Watoto waliogelea kama saa moja wakatoka majini wenyewe bila kuitwa, jambo ambalo sijaliona tangu niwazae. Ukienda mahali pa namna hiyo, uliza kabla hujatoa noti: leo kipi kinafanya kazi?

Jioni tulikuwa barazani tunakula mihogo ya nazi. Wifi akatazama juu ya paa la jirani, mwezi mwembamba kama kucha ulikuwa unazama. "Mmekuja na bamvua, wifi," akaniambia, "halafu mnakwenda kuogea kwenye saruji?"

Mimi mtu wa Morogoro, bamvua nilikuwa nalisikia tu. Akatueleza pale pale, na watoto wakasogea. Mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, basi maji hujaa kupita kawaida na hupwa kupita kawaida. Mwezi ukiwa nusu nguvu hizo hupingana, na hapo yanakuwa maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Pwani hii siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na kila siku saa inasogea mbele karibu dakika hamsini. Mkubwa wangu wa miaka kumi na nne, ambaye tangu tufike alikuwa ameinamia simu, akaomba kalamu.

Ratiba yetu yote ilitoka kwenye karatasi ile.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Mwambani, kusini kidogo ya mji, pamoja na wifi na jirani yake mmoja ambaye huenda kusaka pweza maji yakipwa. Nimefika ufukwe wa Tanga mara nyingi lakini sikuwahi kujua kwamba bahari inaweza kuondoka hivyo. Mahali ambapo jana jioni palikuwa na mawimbi, leo ni mwamba mtupu, madimbwi na nyasi za bahari zimelala upande mmoja. Kitindamimba, ana miaka sita, akauliza nani kalitoa lile jina la Mwambani, halafu akatazama alipokanyaga akacheka mwenyewe.

Tulikaa saa mbili na nusu. Waliona jongoo bahari, kaa wa rangi tatu, kome, na kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, chekundu, kikubwa kama kiganja cha mtu mzima. Yule mama alituonyesha jinsi ya kuijua nyumba ya pweza: mlangoni pana takataka zake, maganda ya kaa na kome aliyokula, na vijiwe amevipanga kujiziba. Ukiona ganda safi jeupe, mwenyewe yumo ndani. Binti yangu aliona tundu la pili kabla ya yule mama, na nilivyomwona anavyojinyoosha kwa fahari, nikajua siku imelipa. Sheria zilikuwa mbili, na tulizishika: jiwe ukiligeuza ulirudishe lilivyokuwa, na ukiitwa kutoka hujadili. Maji yakigeuka huja kimya kimya kupitia mifereji iliyo nyuma yako, si mbele unakotazama. Vaeni raba kuukuu, kandambili hazifai kwenye mwamba. Kofia na maji ya kunywa ni lazima. Usiende bila mwenyeji.

Gharama ya asubuhi ile ni nauli, na pweza mmoja tuliyemnunua kwa yule mama. Ukilinganisha na kiingilio cha jana yake, unapata hasira.

Kwa kuwa walishaonja, kesho yake tulidamka kwenda mwalo wa Deep Sea kuona samaki wakishuka. Hapa mpe mtoto hela yake mkononi. Nilimpa kila mmoja shilingi elfu tano, nikasema mchana tutakula mtakachonunua. Ghafla wakajifunza majina: changu, tasi, kibua, kolekole. Mkubwa alijaribu kuingia kwenye mnada akashindwa na mama mmoja muuza samaki mwenye ulimi mwepesi, akarudi na fungu la vibua. Nyumbani shangazi yao akamfundisha kuwapara na kuwapaka ndimu na pilipili. Mtoto ambaye Dar hagusi samaki mwenye kichwa alikula watatu.

Pale pale mwaloni mkubwa akamuuliza mvuvi mmoja kuhusu silikanti. Alikuwa amesoma kwamba wataalamu walidhani samaki huyo ametoweka pamoja na madinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na kwamba bahari ya Tanga ina hifadhi yake, iliyotangazwa mwaka 2009. Yule mzee alisema kwa utulivu kwamba silikanti anaishi kina kirefu, na wanaomwona ni wale ambao nyavu zao zimemnasa kwa bahati mbaya. Mwanangu alibaki anamtazama yule mzee kama mtu aliyetoka kwenye ukurasa wa kitabu.

Siku za katikati nitazipitia haraka. Tulikodi baiskeli kwa fundi wa mtaani, kwa sababu mitaa ya Tanga ni tambarare na watu wake wengi bado wanapanda baiskeli. Barabara za Ngamiani zina namba, basi tukatunga mchezo: kila barabara ya namba shufwa tununue kitu kimoja cha kula. Vitumbua, bajia, kashata, juisi ya ukwaju. Kitindamimba alikaa kwenye keria nyuma ya baba yake, kazi yake kuhesabu. Makumbusho ya Urithi, kwenye Boma la zamani la Wajerumani, yana picha za kale za mji. Niliwaambia wachague tatu, kisha tukatoka kutafuta majengo yenyewe yalivyo leo. Kilichowashika zaidi ni vita vya Novemba 1914, jeshi la Waingereza lililotoka India lilivyoshuka Tanga likiwa kubwa mara kadhaa kuliko la Wajerumani na askari wao wa Kiafrika, likarudishwa baharini, na katikati ya risasi nyuki wakatoka mizingani na kuwavamia watu. Habari ya nyuki imesimuliwa nyumbani kwetu kila jioni tangu hapo.

Chemchemi ya maji moto ya Galanos ina harufu ya yai viza kwa ajili ya salfa, na watoto wangu hawakutaka kukaa. Dakika ishirini zinatosha.

Sasa Amboni. Nusura niifute, kwa kuwa ndiyo "yale yale" yenyewe. Wifi akashauri tubadilishe saa na tubadilishe kiongozi. Siku zote tulikuwa tunaingia adhuhuri na makundi ya shule, tunasukumana, mwongozaji anamulika mamba wa jiwe, ndege ya jiwe, tunatoka. Safari hii tulipiga simu mapema kuomba, tukaenda alasiri, tukawa peke yetu. Nikamwomba mwongozaji amwache mkubwa atuongoze mwanzo mwisho, yeye aje nyuma arekebishe. Alikubali kwa moyo mweupe, na kwa huduma ile nampa alama zote.

Kijana alikuwa amejiandaa. Akawaeleza wadogo zake kwamba mawe haya ya chokaa yalitandikwa chini ya bahari miaka kama milioni 150 iliyopita. Mvua hubeba hewa ya ukaa kutoka angani na ardhini, ikawa asidi dhaifu, ikalila jiwe tone kwa tone mpaka pango likatokea. Matone hayo hayo yakidondoka huacha chokaa kidogo, na ndiyo nguzo na sanamu tunazoona. Akafika kwenye hadithi ya mbwa aliyepotelea humu na kuibukia Kilimanjaro. Binti yangu, ambaye aliiamini kwa miaka mitatu, akasikia kwamba wapimaji wa mwaka 1994 walipata mapango kumi na hakuna hata moja linalofika kilomita moja. Alinuna kidogo. Mwongozaji akamwambia hadithi nayo ni mali ya pango, aiweke. Kwenye sehemu ya mizimu, ambapo watu huacha sadaka zao na chupa za marashi, aliwataka wanyamaze na wasiguse kitu, nao wakanyamaza.

Kisha tukatoka nje, tukasubiri. Giza lilipoanza kuingia popo wakaanza kutoka, kwanza watatu wanne, halafu mkondo mzima juu ya vichwa vyetu, mabawa yao yanasikika kama mtu anayepepeta mchele mbali. Mara tatu tumekuja Amboni na hatukujua hili. Nenda na tochi yako mwenyewe, betri mpya, na panga usafiri wa kurudi kabla hujaingia pangoni.

Jambo moja la kuudhi: boti ya kwenda kisiwa cha Toten. Nahodha wa kwanza tuliyepatana naye alikuja na jaketi okozi tatu kwa watu saba. Aliponiambia "bahari ya hapa ni kama bakuli, mama," nilishusha watoto wangu. Tulipoteza siku, kitindamimba akalia. Kesho yake tukapata boti nyingine yenye jaketi za kutosha, tukaondoka mapema maana Juni upepo wa kusi huamka kadiri jua linavyopanda. Kisiwani kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi ndani ya kichaka. Pazuri, panatisha kidogo, na watoto wadogo huchoka na miiba. Mwaka mwingine mkubwa ataenda na baba yake tu.

Siku ya mwisho niliichagua mimi: magofu ya Tongoni, kama kilomita ishirini kusini kwenye barabara ya Pangani. Pana msikiti wa kale na makaburi zaidi ya arobaini, mengi ya nguzo, wingi usio wa kawaida hata kwa pwani yetu. Tulifika maji yamepwa, na kutoka pale unaona mafungu, yale matuta ya baharini yanayojificha maji yakijaa, yalivyojitokeza kwenye ghuba ya Mtangata. Nikawaambia kwamba mwaka 1498 Vasco da Gama alipita hapa, na moja ya meli zake, São Rafael, ikapanda fungu kabla ya alfajiri. Maji yakapwa, meli ikabaki imekaa kavu, ikasubiri yajae ndipo ielee. Mwaka uliofuata, wakati wa kurudi, waliichoma moto huku huku kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuiendesha.

Binti yangu akachukua karatasi ya kaka yake, akaisoma, akatazama bahari. "Walikosa mtu wa kuwaambia bamvua," akasema.

Nikammalizia iliyobaki. Kumbukumbu za safari ile zinasema kwamba meli ikiwa imekwama, wenyeji waliisogelea kwa mitumbwi, na mmoja ulijaa machungwa mazuri kuliko ya kwao Ureno.

Kesho yake basi liliposimama Muheza, wauzaji wakazunguka madirishani na nyavu za machungwa, msimu wenyewe. Mwaka jana watoto walikuwa wamelala pale. Safari hii kitindamimba alikuwa dirishani, kifua nje, anamuuliza kijana wa watu kama machungwa haya ndiyo yale ya meli.