Raba Hizi Baada ya Mwaka Mzima wa Mashindano: Angalieni Hili Tundu la Juu

Shikamooni wakubwa, vijana wenzangu mambo vipi, karibuni tena kwenye chaneli yetu ya mbio kutoka Tanga. Leo utangulizi sina, leo nataka muangalie tundu. Ndiyo, tundu. Hili hapa la juu kabisa, karibu na kifundo cha mguu. Mdogo wangu ndiye ameshika simu, hebu sogea... hapohapo, tulia. Mnaliona? Raba inatoka dukani kamba imeishia tundu la chini yake, hili limeachwa wazi, na watu wengi wanadhani ni urembo, au ni la kupitisha hewa. Jamani! Mimi nimemaliza mwaka wangu wa kwanza wa mashindano, kuanzia kilomita 5 za hapa mjini mpaka nusu marathoni ya Moshi, na mkiniuliza kitu gani kwenye raba hii nimekipenda kuliko vyote, ni hili tundu.

Jina la kampuni limeandikwa hapa ubavuni, mnalisoma wenyewe. Uzito, unene wa soli, kisigino milimita ngapi na mbele ngapi, yote hayo yapo kwenye boksi na kila chaneli imeshayasoma, sitawachosha. La saizi tu niliseme, kwa sababu ndilo mnalouliza sana: kanunueni jioni, mguu ukiwa umeshatembea siku nzima na umevimba kidogo, na ukisimama ubaki upana wa kidole gumba kati ya kidole chako kirefu na ncha ya raba. Basi, turudi kwenye tundu.

Leo nimevaa soksi nyekundu makusudi ili muone vizuri. Mguu wa kushoto nimefunga kamba kikawaida, wa kulia nitaufunga mbele yenu. Naanza na kushoto. Nasimama, nanyanyua kisigino taratibu... simamisha hapo, vuta karibu. Mmeona wekundu umechomoza nyuma? Kisigino kimepanda, raba imebaki chini. Ni kidogo sana, ukitembea kwenda sokoni hutakisikia. Lakini kilomita 21 ni maelfu na maelfu ya hatua, na kila hatua ngozi inasuguliwa palepale, ikiwa na joto na jasho juu yake. Malengelenge yanatoka hapo. Watu wanalaumu soksi, wanalaumu raba, wengine wanapaka mafuta mguu mzima, kumbe kisigino kinacheza.

Sasa kulia. Kwanza piga kisigino sakafuni mara mbili tatu, hivi, mguu urudi nyuma ukae mahali pake. Kamba imefika tundu la pili kutoka juu. Hapa kawaida mtu huvusha kwenda upande wa pili. Usivushe. Chukua kamba ya kulia, iingize kwenye tundu la juu la kulia, upande uleule, kutoka nje kwenda ndani. Usiivute ikaisha, bakiza kitanzi kidogo, ncha ya kidole ipite. Kushoto nako vilevile, nje kwenda ndani, bakiza kitanzi. Tayari tuna vitanzi viwili. Sasa ndiyo unavusha: ncha ya kulia inaingia kitanzi cha kushoto, ncha ya kushoto inaingia kitanzi cha kulia. Na hapa ndipo mnisikilize: usivute kwenda juu. Vuta pembeni na chini, kuelekea kisigino. Hivi. Mmesikia huo mlio? Vitanzi vimekaza. Funga fundo lako, rudia fundo la pili, maana kamba za raba hizi zinateleza.

Nasimama, nanyanyua kisigino. Soksi nyekundu iko wapi? Haipo. Raba imepanda na mguu. Narudia tena, polepole... haipo! Na mbele huku, tazameni, naingiza kidole chini ya kamba za katikati, kinaingia bila taabu. Huu ndio uzuri wenyewe. Ungetaka kupata mshiko huo kwa kukaza kamba zote, ungeuua mguu, kwa sababu mguu wa mtu wa Pwani kwenye joto unavimba na unataka nafasi. Nyuma pametia nanga, mbele panacheza, ngalawa ndivyo inavyotulia majini.

Onyo moja. Ukikaza mno utaona ganzi juu ya mguu, chini ya kamba, au maumivu pale mbele ya kifundo. Ukiona ganzi simama, legeza, endelea. Sekunde ishirini hazitakunyima medali.

Nimeuchukua huu mwaka kwa uzito na nataka niseme kwa nini. Ukifanya mazoezi Tanga, raba yoyote inaonekana nzuri. Njia yangu ya asubuhi natoka Chumbageni, napita Bombo, nashuka kwenda Raskazone, kulia miti, kushoto bahari na Kisiwa cha Toten. Ni tambarare, ukiacha vijimlima vya hapa na pale. Ukiridhika hapo unadhani umeijua raba yako. Kisha unapanda basi pale Kange, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, unashuka Moshi, na kesho yake asubuhi uko uwanja wa Chuo cha Ushirika na maelfu ya watu mnasubiri kuachiwa.

Kwa wale ambao hamjaikimbia nusu ya Kili Marathon, yaani hiyo nusu marathoni ya Moshi: mnapanda kuelekea Mweka, Mlima Kilimanjaro uko mbele yenu, halafu mnageuza na kushuka kurudi uwanjani. Kila mtu anaogopa kupanda. Kupanda kunachosha, kweli, pumzi inakata, hasa kwa sisi tuliozoea usawa wa bahari. Ila kinachoumiza miguu ni kushuka. Kwenye mteremko mguu unateleza kwenda mbele ndani ya raba, vidole vinagonga ncha, tena na tena, damu inavia chini ya kucha. Zile kucha nyeusi mnazoonyeshana baada ya mbio chanzo chake ni hapo. Nimeshuka kutoka Mweka kamba zimefungwa namna hii niliyowaonyesha, nikavua raba pale uwanjani nikahesabu kucha, zote kumi nzima, safi. Nilifurahi kuliko medali, nawaambia ukweli. Medali kila aliyemaliza anayo.

Ndiyo maana nawaambia wanaojiandaa: tafuteni mteremko wa kufanyia mazoezi. Sisi wa Tanga tunao, tena mkubwa. Panda gari mpaka Soni, shuka na ile barabara ya kona kuelekea Mombo, taratibu, pembeni kabisa, macho kwenye magari. Usikimbie hadi chini siku ya kwanza, mapaja yatakulilia wiki nzima. Nitaifanyia video yake, nimeshaongea na rafiki yangu mwenye pikipiki atanipiga picha.

Mambo mengine ya raba. Ulimi wake, hiki kipande kilicho chini ya kamba, naukasirikia. Unahama. Unaanza katikati, baada ya kilomita tano umeenda pembeni na kamba inakaa juu ya mfupa. Dawa yake ni hiki kitundu cha kitambaa juu ya ulimi, pitisha kamba hapo, lakini kwa bei hii kampuni ingeushona pembeni yakaisha. Soli kwenye lami kavu inashika vizuri. Kwenye vigae vilivyolowa, muwe na adabu nayo. Kitambaa cha juu ni chepesi na kinatoa maji haraka, na hilo ni kubwa kuliko mnavyodhani, kwa sababu kwenye joto kila mtu anajimwagia maji kichwani kila kituo, na maji hayo yanateremka mgongoni, mapajani, yanaishia kwenye soksi. Mwaga maji ukiwa umeinama kidogo mbele, yaangukie barabarani, miguu ibaki mikavu. Unyevu wa Tanga jasho halikauki mwilini, mwili unashindwa kujipoza, moyo unadunda mbio hata ukienda polepole. Kwa hiyo muda uliokimbia Moshi asubuhi ya baridi usiulinganishe na muda wa Raskazone saa mbili.

Na hapo kuna jambo linaniuma. Kuna mbio moja nilishiriki mwaka huu, waandaaji siwataji. Tuliambiwa kuanza saa kumi na mbili kamili asubuhi. Watu tumeamka usiku, tumepasha miguu, tumejipanga na namba zetu vifuani. Tukaachiwa jua limeshapanda, kisa mgeni rasmi hajafika. Watoto wa kilomita 5 wamesimama wima muda wote huo. Waandaaji wa mbio, nawaombeni sana: mwanariadha wa Pwani akicheleweshwa saa moja amebadilishiwa mbio nzima. Mgeni rasmi anaweza kutukuta kwenye kutoa medali.

Swali lenu jingine kila siku: raba zenye kibati cha kaboni ndani ya soli. Zile nene, zinazorusha mguu. Msimamo wangu mwaka mzima ulikuwa usinunue. Bei yake ni ya pikipiki iliyotumika, na soli yake laini inachakaa mapema. Ila nimejaribisha ya rafiki yangu, na siwezi kuwaficha, inasukuma. Shirikisho la Riadha Duniani limeweka ukomo, soli isizidi milimita 40 kwa mbio za barabarani na kibati kisizidi kimoja, maana yake hata wao wameona si mchezo. Kwa hiyo leo nasema hivi: kama unapigania nafasi na zawadi, zitafute. Kama unamaliza 21 kwa saa mbili na zaidi, weka hiyo hela kwenye nauli na kiingilio cha mbio mbili tatu zaidi, utafaidi kuliko kibati.

Na mitumba? Ngamiani kule barabara za namba utapata raba nzuri, siibezi mitumba, nusu ya wenzangu kwenye klabu wamevaa mitumba. Tatizo ni kwamba juu inang'aa na chini imekufa. Watengenezaji wengi wanasema soli ya kukimbilia inadumu kama kilomita 500 hadi 800, na wewe hujui mwenzako wa kule alikwenda ngapi. Ibonyeze ubavuni kwa kidole gumba: ikirudi taratibu au ukiona mikunjo imejipanga, iache. Na uangalie, lile tundu la juu lipo? Kamba inatosha? Za mtumba mara nyingi ni fupi, nunua kamba mpya ndefu, bapa, za duara zinafunguka ovyo.

Mtu mmoja kwenye komenti kaandika, "Mbona mnakimbia na hamshindi?" Ndugu yangu, Septemba 2025 kule Tokyo, mkimbiaji wetu wa marathoni Alphonce Simbu ameipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Saa 2, dakika 9, sekunde 48, na Mjerumani Amanal Petros aliyemfuata ameandikiwa muda huohuo, sawasawa, wametenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde kwenye mstari. Hiyo ni kama dakika 3 na sekunde 5 kila kilomita, kilomita zote 42. Nenda uwanja wa Mkwakwani ukimbie kilomita moja tu kwa mwendo huo halafu urudi kwenye komenti. Tangu siku ile watu wanaonisalimia barabarani nikiwa mazoezini wameongezeka, akina mama wanaouza vitumbua Raskazone wananiita "Simbu wetu," na watoto wananifuata mpaka Bombo. Mimi ninalipenda hilo sana.

Habari za chaneli, haraka. Maikrofoni mpya imefika, ndiyo hii mnayoisikia, asanteni mliochangia. Watazamaji wa Mombasa mnaouliza mazoezi ya pamoja, mpaka wa Horohoro si mbali, karibuni Jumapili yoyote, tunakutana Raskazone saa kumi na moja na nusu alfajiri. Bonyeza kengele usipitwe na ile ya mteremko wa Soni.

Bei. Mimi nilinunua kwa shilingi 180,000. Juzi nimepita dukani hapa mjini nimeikuta 230,000, raba ileile, rangi tu imebadilika. Kwa 180,000 ningesema chukua bila kuuliza. Kwa 230,000, na ulimi ule unaohama, nasema subiri toleo la zamani lishushwe bei, maduka yakileta mpya huwa wanashusha. Mwenye haraka kwa sababu ya mbio za Februari, achukue. Mwenye raba yake nyingine yoyote nyumbani yenye tundu la juu, asinunue kitu. Afunge kamba kama nilivyoonyesha, akimbie wiki mbili, aje aniambie kwenye komenti kisigino kinasemaje. Anayetaka kurudia namna ya kufunga arudi kule mwanzo kwenye soksi nyekundu. Tukutane Jumapili.