Seti ya kusafishia bastola ya mm 9: brashi safi, fimbo ya kuangaliwa

Kwa mmiliki wa bastola mwenye leseni, Arusha au Moshi, kisanduku hiki cha plastiki kinafaa kununuliwa kwa ajili ya brashi yake ya shaba. Nywele zake ni laini kuliko chuma cha mtutu, kwa hiyo zinakwangua masizi bila kuchuna. Vingine vilivyomo vina kasoro.

Kabla ya lolote, chomoa magazini (kibebeo cha risasi kilicho ndani ya mpini) kwanza, ndipo uvute slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayoteleza nyuma na mbele. Ukianza na slaidi, risasi inayofuata inapanda chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa), na bastola uliyodhani tupu ina risasi ndani. Angalia chemba kwa macho, kisha ingiza kidole. Risasi zote zihamie chumba kingine.

Fimbo ni ya alumini, vipande vitatu. Kwa mtutu wa bastola viwili vinatosha. Alumini ni laini: vumbi na mchanga hujikita ndani yake, fimbo ikageuka msasa. Ifute kila inapotoka. Lowesha brashi kwa dawa ya kuyeyusha masizi, iingize upande wa chemba, isukume mpaka itokeze yote mdomoni ndipo uirudishe. Ukigeuza katikati, nywele zinapinda na brashi imekwisha. Acha dawa dakika kumi hivi, kisha pitisha vitambaa vya pamba mpaka kimoja kitoke safi. Kama dawa ni ya kuyeyusha shaba inayoachwa na risasi mtutuni, tumia brashi ya nailoni. Dawa hiyo inakula brashi ya shaba yenyewe, kitambaa kinatoka na rangi ya kijani au buluu, na watu wanaendelea kusugua mtutu uliokwisha kuwa safi.

Kichupa cha mafuta kinamwaga mno. Tone moja kila upande wa reli za slaidi linatosha, na mtutu ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu wa mafuta tu. Vumbi la kiangazi Arusha likikutana na mafuta mengi linakuwa uji wa kusaga chuma. Mafuta ya alizeti yasikaribie kabisa: yanaganda kama gundi, pini ya kufyatulia inakwenda polepole, risasi haiwaki. Mafuta ya taa yanaondoa masizi vizuri lakini hayakingi kutu. Mafuta machafu ya injini yana chembe za chuma. Ya cherehani yanavumilika, ila hukauka mapema.

Masika Moshi, bastola isilazwe ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi inanyonya unyevu, na kutu huanza pale inapogusa chuma. Ifute, iweke kwenye kasha la kufuli pamoja na vifuko vya kukaushia unyevu.

Seti haina glavu, na hilo ni pungufu kubwa. Masizi yana madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu, kutoka kwenye fataki (kiwashio cha kitakoni) na kichwa cha risasi. Fanyia kazi penye hewa, mbali na jikoni, na nawa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kushika chakula au mtoto.