Nani kaua: kipimo cha "asingefanya" au cha "sababu kubwa"?

Mahakama ina vipimo viwili vya kujua nani kasababisha kifo. Cha kwanza kinauliza, mshtakiwa asingefanya alichofanya, marehemu angekufa vilevile? Ni chepesi na kinamwokoa asiyehusika. Uingereza 1910 jamaa alimwekea mamake sumu kwenye kinywaji, mama akafa kwa moyo, sumu haikuchangia kitu, ikabaki hatia ya kujaribu kuua tu. Ila kinazoa watu mno, hata muuza kisu anaingia.

Cha pili kinaangalia kama jeraha lenyewe bado lilikuwa linaua, yaani bado ni sababu kubwa ya kifo. Mwaka 1959 mwanajeshi alichomwa bayoneti, aliyembeba akamwangusha mara mbili, matibabu nayo mabovu, na bado aliyemchoma akakutwa na hatia, mi naona ni haki kabisa. Lakini 1956 jeraha lilikuwa karibu limepona, hospitali wakampa dawa isiyomfaa, hukumu ya kuua ikafutwa. Shida ni kwamba "kubwa" haina rula, unategemea sana daktari shahidi.

Kenya, kifungu cha 213 cha Kanuni ya Adhabu (sheria ya makosa ya jinai) kinaegemea huku, matibabu ya nia njema na ujuzi wa kawaida hayakuokoi uliyemjeruhi mtu.

Kesi yako ina mtu mmoja na kifo cha ghafla? Anza na cha kwanza. Kama kuna hospitali au mkono wa mwingine katikati, hicho pekee hakikutoshi.