Tahadhari: "rangi ya namba" ya chupa moja na klia ya 2K isiyo na hadina

Wenye magari wa Nairobi, hasa mlio na Fielder, Premio na Harrier nyeupe za lulu: kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook akiuza seti ya kuziba michubuko ya mawe. Anadai duka lake liko Kirinyaga Road. Ukimwambia unapita kuchukua mwenyewe, duka limefungwa kwa ukarabati; tuma pesa, bodaboda yuko njiani. Seti ni Sh1,800. Ndani mna chupa ndogo ya rangi yenye brashi kwenye kifuniko, chupa ya klia (tabaka angavu la juu linalolinda rangi) iliyoandikwa 2K, na kipande cha msasa. Namba ya rangi ya gari lako imeandikwa kwa maka peni, na kuandika huko ndiyo kazi pekee iliyofanyika. Aliyeagiza 040 na aliyeagiza 070 wamepata nyeupe ileile.

Hiyo 070 ndiyo inayomfichua. 040 ya Toyota ni nyeupe ya kawaida isiyo na chembe zozote za kung'aa, kwa hivyo chupa moja inatosha. 070 ni nyeupe ya lulu, na haiwezi kutoka kwenye chupa moja. Chini inapakwa nyeupe, juu yake tabaka jepesi la lulu linalopitisha mwanga, halafu klia. Soul Red Crystal ya Mazda, namba 46V, nayo ina matabaka matatu. Ukiweka nyeupe tupu kwenye boneti ya 070, ndani ya gereji utaona imekubali; likitoka jua la saa sita doa linakaa pale mithili ya tone la dawa ya meno. Kwa hivyo swali la kumuuliza muuzaji yeyote kabla ya kutoa shilingi ni moja: 070 yako ina chupa ngapi za rangi, ukiacha klia? Akijibu moja, achana naye.

Uongo wa pili uko kwenye klia. 2K maana yake ni vitu viwili, klia na hadina (dawa ya kuigandisha), vinavyokutana wakati wa kazi na kuanza kushikana kikemia. Vikishachanganywa haviwezi kukaa dukani vikisubiri mteja, kwa sababu baada ya muda mfupi vinaganda ndani ya chombo. Kwa hivyo chupa moja iliyoandikwa 2K, bila kopo la pili la hadina, ni 1K, yaani klia ya kitu kimoja isiyo na hadina, iliyobandikwa lebo. Kopo la kupuliza la 2K halisi huwa na kitufe chini chake cha kutoboa kifuko cha hadina, na ukishakibonyeza una muda mdogo wa kulimaliza. 1K hukauka kwa thina kuondoka tu, na thina au petroli ikiirudia, inalainika tena. Ndiyo maana mchubuko uliozibwa karibu na mdomo wa tangi unavimba na kunata siku mhudumu wa pampu akimwaga matone mawili. Kupima ni rahisi: paka klia hiyo kwenye kipande cha bati, kiache siku tatu, kisha kisugue kwa pamba iliyolowa thina. Ikilainika na kushika pamba, si 2K. Klia ya 1K si haramu, na kwa mchubuko mdogo mlangoni inafaa. Kosa ni kuuziwa kwa bei na jina la nyingine.

Anaahidi pia kwamba doa "halitaonekana kabisa". Kwenye rangi ya metaliki hakuna fundi mwaminifu anayesema hivyo kuhusu kazi ya brashi. Chembe za alumini zikipulizwa hulala bapa. Zikipakwa kwa brashi hukaa ovyo, na rangi iliyochanganywa sawasawa kabisa itaonekana nyeusi kidogo ukiitazama kwa pembe fulani. Silva ndiyo mbaya kuliko zote. Nyeupe ya kawaida na nyeusi isiyo na chembe ndizo zinazosamehe. Akikushawishi uchukue klia yake ya mati (isiyong'aa) ili "kuficha doa", kataa kabisa: umbile la mati linatokana na kemikali iliyo ndani ya klia yenyewe, haiwezi kusawazishwa kwa msasa na polishi, na kiraka chake kwenye gari linalong'aa kinaonekana hata usiku.

Ununuzi wa kweli unaendaje? Namba ya rangi iko kwenye kibati cha gari. Kwa Toyota nyingi kibati kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti, ukutani mwa injini, kwenye mstari wa COLOR au C/TR, na ni herufi au tarakimu tatu za kwanza. Lakini namba ni mwanzo tu. Namba moja huwa na vivuli (tofauti ndogo za rangi) kadhaa kutegemea kiwanda na mwaka, gari limechakazwa na jua, na mengine yalipulizwa upya kabla hata hayajafika Mombasa. Fungua skrubu za kifuniko cha tangi la mafuta, kipige polishi, ukipeleke dukani. Muuzaji wa kweli atalinganisha, atachanganya kwenye mizani ya dijitali mbele yako, kisha atapaka kidogo kwenye kadi. Itoe kadi hiyo nje juani, ikauke na kupakwa klia ndipo uilinganishe, maana rangi mbichi na rangi kavu hazifanani. Chupa iwe na lebo iliyochapishwa: namba, kivuli, gramu za kila kichanganyiko, tarehe. Kwa makopo yaliyofungwa kiwandani, angalia alama ya ubora ya KEBS, kisha tuma SM# na namba ya kibali kwa 20023 uone jina la bidhaa linalorudi. Na hadina inunuliwe ikiwa haijafunguliwa. Hadina huharibiwa na unyevu wa hewa; ikiwa na maziwamaziwa au fuwele chini, iache.

Kazi yenyewe si ngumu, lakini msasa aliokuwekea kwenye seti ni namba 400, unaokwangua klia ya kiwandani iliyo nyembamba kuliko karatasi. Fanya hivi badala yake. Osha gari, toa nta kwa spiriti ya isopropili. Tazama chini ya mchubuko. Ukiona kijivu, praima (rangi ya msingi) ipo bado, ruka hatua ya kutu. Ukiona chuma au wekundu, kwangua kutu kwa ncha ya kalamu ya msasa ndani ya shimo tu, tia dawa ya kubadili kutu, acha ikauke, kisha tone la praima ya epoksi. Bampa ni plastiki, halina kutu, lakini mchubuko ukifika kwenye plastiki tupu linahitaji dawa ya kushikisha rangi kwanza. Tikisa rangi dakika mbili kamili, kwa sababu chembe zinazama chini na usipotikisa utapaka maji ya rangi. Paka nyembamba mara mbili au tatu kwa kijiti cha meno au brashi nambari 0, ukiacha dakika 15 hadi 20 kati ya kila moja. Asubuhi za Juni na Julai, zenye baridi na manyunyu, subiri maradufu, la sivyo klia inafanya ukungu mweupe. Tone moja nene, ambalo ndilo analoelekeza yeye, linakauka juu na kubaki bichi ndani, kisha linazama na kupasuka.

Kwa klia ya 2K fuata kipimo cha kopo. Nyingi ni sehemu 2 za klia kwa 1 ya hadina. Kwa michubuko michache, mililita 2 na 1 zilizopimwa kwa sindano zinatosha. Ifanyie nje penye hewa na uvae glavu. Hadina ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na ukitaka kuipuliza barakoa ya vumbi haikukingi. Jaza hadi klia ipite kidogo juu ya usawa. Siku inayofuata, au baada ya wiki kama ni 1K, sawazisha kwa msasa wa maji 2000 kisha 3000 uliozungushiwa kipande kidogo kigumu, ukigusa tone peke yake, umalizie kwa kompaundi (dawa ya kung'arisha).

Kama ulishapaka bidhaa yake, usiizike chini ya klia nyingine. Lowesha kijiti cha pamba kwa thina, futa haraka, kausha. Rangi yake itatoka na klia ya kiwandani haitadhurika kwa mguso mfupi. Ila paneli iliyowahi kupulizwa mtaani kwa rangi ya bei nafuu inaweza kuyeyuka nayo, basi jaribu kwanza ndani ya mlango.

Kuhusu pesa: 456 ya M-Pesa, ya kuomba pesa zirudishwe, ni ya waliotuma kwa namba ya simu isiyo sahihi, usiitegemee kwa mzozo wa bidhaa. Mahakama ya Madai Madogo ya Milimani husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na si lazima uwe na wakili, lakini lazima umtaje unayemshtaki na ujue alipo. Huyu hatoi risiti, na tangazo lake hupotea baada ya siku chache na kurudi kwa jina lingine. Piga picha ya tangazo na ya mazungumzo leo, usifute ujumbe wa M-Pesa wenye jina la mpokeaji, na chupa usiitupe hata ikiwa tupu.