Levasseur PL.7: ndege yenye tumbo la mashua

Haya, karibuni tena wapenzi watazamaji. Leo mezani tuna mkongwe: Levasseur PL.7, ndege ya Kifaransa ya kudondosha topido, yaani bomu linalokimbia ndani ya maji kwenda kutoboa meli. Mabawa juu na chini, watu watatu ndani, injini ya Hispano-Suiza yenye nguvu za farasi 600. Nyumbani kwake ni Béarn, manowari iliyoanza kuundwa kwa ajili ya mizinga mikubwa, ikageuzwa kuwa ya kubeba ndege na kuanza kazi mwaka 1927.

Sasa niangalizieni hapa chini. Mnaliona hili tumbo? Hili ni la mashua kabisa! Injini za zama zile zilikuwa zinazima bila kupiga hodi, na katikati ya bahari utatua wapi? Ukigusa maji na magurudumu, yanakukwamisha, ndege inapiga kichwa chini. Basi Wafaransa wakafanya hivi: rubani akiona mambo yameharibika, anayaachia magurudumu yadondoke, anatua kwa tumbo, anaelea. Na hivi vidude viwili chini ya mabawa vinaizuia isilale ubavu, kama marengu ya ngalawa. Ukimuuliza mvuvi yeyote wa pwani atakwambia aliyebuni hii alikuwa anaiogopa bahari kwa heshima. Hapa natoa tisa kwa kumi, sibishani na mtu.

Mzigo: topido moja ya kilo 670. Sawa.

Mwendo ndio aibu. Kama kilomita 170 kwa saa, tena unatakiwa uruke chini, moja kwa moja, ukiielekea meli inayokumiminia risasi. Tatu kwa kumi, na hiyo ni huruma yangu.

Halafu uimara. Mwaka 1931 mbili zilivunjika, zote zikasimamishwa kuruka. Zilirudi na vishikizo vya injini vilivyoboreshwa na pangaboi la chuma lenye panga tatu.

Je, ningeinunua? Mwaka 1930, ndiyo, bila kuuliza bei. Tatizo ni kwamba 1939 bado ilikuwa kazini, wakati Wajapani tayari wana ndege yao ya topido, Nakajima B5N, ya bawa moja, magurudumu yanakunjwa ndani, mwendo zaidi ya mara mbili ya huyu babu. Najua mtaniambia Waingereza nao walikuwa na Swordfish ya mabawa mawili, na ndiyo iliyopiga manowari za Italia bandarini Taranto 1940. Kweli. Lakini walikwenda usiku.